Macho ya Mama na Sauti ya Saluni

Nyumbani,
Juu ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini zitakukuta mzima, umeshiba na umevaa soksi, maana wifi yako anasema baridi ya huko haina adabu. Goti lako linaendeleaje? Uliposema unapanda ngazi kwa kushika ukuta nilikuonea huruma, kisha nikacheka, nikakumbuka ulivyokuwa ukiruka uzio wa jirani na mimi nikibaki upande wa pili nikilia. Shemeji je, bado anakoroma, au umeshampa chumba chake? Wapwa zangu nawasalimu. Waambie mjomba wao bado ana nywele, za kuhesabika.

Sisi hatujambo. Mgongo wangu unalalamika kwa kuinama kutwa, watoto wanasoma, na wifi yako ameamua kupunguza sukari kwenye chai, kwa hiyo nyumba nzima imepunguziwa bila kuulizwa. Mama yupo, anakula vizuri, anatembea, anakusalimu. Habari zake ndizo zilizonikalisha hapa. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujashika simu, kwa sababu najua ukifika katikati utataka kunipigia unigombeze.

Uliuliza kwa nini nilimfukuza Bi Redio mlangoni mbele ya majirani. Umesikia kwamba nilimwita takataka. Huo ni uongo, nilimwita uchafu. Takataka angalau ilianza ikiwa kitu cha maana.

Wewe hukuwahi kukutana naye, kwa hiyo nikueleze. Ni yule mwenye saluni kwenye kona, karibu na duka la dawa. Watoto ndio waliompa jina la Bi Redio, kwa sababu hazimwi. Aliingia nyumbani kwetu kwa mlango niliomfungulia mimi mwenyewe. Alinipa kazi ya kuvalisha upya viti vya saluni yake, akaja kuchagua rangi ya ngozi bandia, akamkuta mama amekaa kwenye benchi la karakana, Kitabu cha baba, Biblia yake, mapajani. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema anamwona mama amezungukwa na mwanga. Bila shaka alizungukwa na mwanga. Alikuwa amekaa mlangoni saa sita mchana.

Mimi nilicheka. Mama hakucheka, na hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili.

Huyu mwanamke anasema Mungu huongea naye mashine ya kukaushia nywele inapovuma. Akishaambiwa hujirekodi kwenye simu na kuwatumia wanawake wake ujumbe kila asubuhi, na nyuma ya sauti yake mashine unaisikia inanguruma. Siku moja, katikati ya maneno ya Mwenyezi, mteja aliuliza kitana kiko wapi. Mama aliusikiliza ujumbe ule ameinamisha kichwa, simu sikioni, na hakuonekana kukisikia kitana.

Wewe unamjua mama. Unakumbuka baba alivyotusomesha baada ya chakula cha jioni, kila mtu kwa zamu, sura nzima, hata zile ndefu zenye majina ya watu waliozaa watu. Kueleza kulikatazwa mpaka sura iishe. Baba alikuwa na huruma kidogo, ukikwama kwenye jina gumu alikusaidia. Mama hakusaidia mtu. Yule mhubiri mgeni aliyekuja kwetu akatuahidi mambo matamu, mama alimuuliza kwa upole imeandikwa wapi, na mtu mzima akatoka jasho hadi kwenye tai. Sasa mama huyohuyo ukimuuliza jambo anakujibu kwamba ameambiwa.

Aliambiwa asile mayai. Aliambiwa jirani wa juu ana kijicho. Aliambiwa kwamba wewe unarudi kabla ya mvua, ndiyo maana alikuuliza tiketi umekata ya lini na wewe ukabaki umeduwaa. Ukichunguza unaona hakuna aliloambiwa ambalo yeye mwenyewe hakulisema kwanza. Ijumaa anaoshwa kichwa pale saluni na kusimulia yaliyo moyoni mwake, Jumamosi Mungu anamrudishia yaleyale kwa sauti ya kutetemeka. Lilikuwa jambo la kutia kinyaa hata kulitazama.

Wewe ulisema nimwache kama anapata faraja, na wifi yako akakuunga mkono. Nikauma meno, nikamwacha. Na usinielewe vibaya, Dada. Mimi sisemi kwamba Mungu amefungiwa kati ya majalada mawili na hawezi kutoka. Baba mwenyewe alijifunza mengi juu yake akiwa amechutama kwenye kitalu chake cha vitunguu, na wimbo mzuri hunisogeza karibu naye kuliko mahubiri mengi. Lakini baba akitoka kitaluni na wazo lake aliingia ndani, akavaa miwani, akalipima na Maandiko. Lisipokaa, alilitupa, hata kama lilikuwa tamu. Mimi fundi najua kitambaa hupimwa kwa futi. Jicho huona kinatosha kwa sababu linataka kitoshe.

Sasa nakuja kwenye macho.

Ulijua kwamba daktari wa macho alimkuta mama na presha ya macho. Alitueleza bila kuzunguka kwamba uono uliopotea haurudi, na kwamba matone yanalinda ule uliobaki, asubuhi na jioni, bila kukosa. Mama akasema atajitilia mwenyewe, yeye si mtoto. Kila asubuhi alitoka chumbani akipangusa shavu lililolowa, nasi tukaridhika.

Mwezi uliopita niliona godoro lake limebonyea upande mmoja, nikalishusha karakanani nilishone upya. Kwenye pindo la chini nikakuta mshono usio wangu. Uzi mweusi, mishono mikubwa iliyopinda, ya mtu anayeshona kwa kupapasa. Nikaufumua. Ndani ya sponji kulikuwa na chupa za matone, zote na vifuniko vyake, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Nimefungua makochi mengi maishani mwangu. Nimekuta panya wamezaa, meno ya bandia, na vitu vingine ambavyo sitakuandikia. Nanawa mikono, nakula. Siku ile nilinawa mara nyingi, na chakula hakikushuka.

Nilipomuuliza hakukana. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba ameambiwa dawa ile inaziba jicho la ndani, na kwamba macho ya nje yanafifia ili lile la ndani lifunguke. Shavu alikuwa akililowesha kwa maji ya kunywa. Mama yetu huyu, Dada, aliyenichapa kwa sababu ya kipande cha sukari, si kwa kukila, kwa kusema sikukila.

Nikampeleka hospitali siku hiyohiyo. Jicho la kushoto linatofautisha mwanga na giza, basi. La kulia bado linaona, lakini kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda kwa kuwa nilistahili. Alisema akiendelea hivi, na lile tundu litaziba.

Tulimsihi. Wifi yako alipiga magoti. Mimi nilichukua Kitabu nikataka kumsomea, akaniambia nikirudishe mahali pake, kwamba kile ni cha watu ambao bado wanasikia kwa mbali, yeye sasa anaambiwa moja kwa moja. Aliyasema hayo bila majivuno yoyote, akinihurumia. Nilitoka chumbani nikapiga teke kochi la mteja.

Basi nikaenda saluni. Nilikwenda kwa shari, nisikufiche. Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yalikuwa machafu. Ilikuwa saa ya mchana hakuna wateja. Ndani mlinuka nywele zilizoungua na mafuta ya manukato, taulo zilizolowa zimening'inia, na viti vyangu vimejipanga mbele ya kioo, vimependeza, kazi safi. Nilipomwona nikawaza jicho la mama, yale matusi yote yakanikwama, nikajikuta namwomba. Nilimweleza daktari alivyosema. Nilimwambia mama hatanisikiliza mimi wala daktari, atamsikiliza yeye.

Nilitegemea akasirike. Nilitegemea aseme kwamba yeye ni mjumbe tu, kwamba itabidi aombe na kungoja. Laiti angesema hivyo, leo ningemheshimu kidogo. Hakusema. Alifuta mikono kwenye aproni, akachukua simu, akaenda kwenye ile mashine ya kukaushia nywele, chini yake hapakuwa na mtu, akaiwasha. Ikaanza kuvuma. Kisha akanigeukia kama mtu anayepokea oda.

"Unataka Bwana amwambie nini?"

Dada, nilisimama pale. Nilikuwa na nafasi ya kuondoka. Mlango ulikuwa wazi.

"Amwambie atie matone," nikasema.

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Akarekodi papo hapo, kwa pumzi moja, sauti ikitetemeka mahali panapotakiwa kutetemeka. Akamwita mama kwa jina lake la utotoni, ambalo mama alimwambia akioshwa nywele. Alipomaliza akazima mashine, akaniuliza kama naweza kupita siku moja kukaza mkono wa kiti cha katikati, umeanza kulegea.

Nilitapika kwenye mfereji nyuma ya saluni. Sisemi kwa mfano, nilitapika kweli.

Asubuhi mama alituita sote chumbani. Alikuwa analia. Alisema Mungu amemkumbuka, ameyakumbuka macho yake, amemwita kwa jina ambalo hakuna aliye hai anayemwita. Akainua uso, nikamtilia matone kwa mkono wangu, akashukuru kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sote tukasema amina. Mimi nilisema amina.

Wifi yako alifurahi. Alisema tumepata tulichotaka, tulifumbie macho hilo jambo. Na kweli dawa ilikuwa inaingia, asubuhi na jioni. Lakini kila mama alipoinua uso na kuanza kushukuru, nilitazama chupa nisimtazame yeye. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa yule mwanamke kilikuwa kimehamia kwangu. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyatia kinywani mwa Mungu kwa msaada wa mashine ya nywele, na mama yangu alikuwa akiyapigia magoti. Tena nilijua kwamba aliyesema tia kwa sababu nimemwomba mimi, kesho atasema acha kwa sababu ameombwa na mwingine.

Nikaamua kumwambia. Wifi yako alinisihi nisifanye hivyo, alisema akisusa dawa na akapofuka, mimi ndiye nitakayemwongoza kwenda chooni kwa miaka yote iliyobaki. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilipiga moyo konde, nikaingia kwa mama baada ya chakula cha mchana, nikamweleza kila kitu, hata yale ya mkono wa kiti.

Mikono yake ilikuwa inapapasa pindo la shuka.

"Aliwasha mashine?"

"Aliiwasha, mama."

"Na chini yake hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu."

Mama akatema mate. Sakafuni, Dada, ndani ya chumba chake, mama ambaye hata kupiga chafya mezani kulikuwa kesi. Akatema tena. Nilimletea kitambaa, akakisukuma.

Baadaye akaanza kuzungumza, akiwa ameugeukia ukuta. Alisema herufi zilimpotea kabla baba hajatuacha. Alikuwa akishika Kitabu na kufunua kurasa kwa mazoea, akitamka yale aliyoyajua kwa moyo, nasi tukidhani anasoma. Baba alipoondoka na usomaji wa jioni ukaondoka naye, kila mtu akawa na simu yake na uchovu wake. Kisha hata yale ya moyoni yakaanza kumchanganya. Aliona haya kuomba asomewe, yeye aliyewakaripia watu kwa kukwama kwenye majina. "Herufi zilipoondoka ndipo ile sauti ikaja," akasema. "Na haikuwahi kunikatalia kitu. Ningepaswa kujua hapohapo."

Nilikaa pale kwenye ukingo wa kitanda nikisikia harufu ya gundi mikononi mwangu.

Ilipofika saa ya matone sikuthubutu kwenda. Nilijificha karakanani nikajifanya nakata kitambaa, na wifi yako akijifanya anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Mama akaita kutoka juu, akasema nilete chupa. Nilipanda na chupa. Nikamkuta ameketi wima, ameshainua uso.

"Leo sijaambiwa na mtu," akasema. "Tia."

Nikatia.

Kesho yake Bi Redio akaja kuuliza kwa nini mama hajibu ujumbe, na hayo mengine uliyasikia kwa majirani. Sijutii hata neno moja. Hajafunga saluni, wanawake bado wanamiminika, na mmoja alinisimamisha njiani kuniambia nimempiga vita mtumishi. Nilimwambia akienda kule aangalie kama chini ya mashine kuna mtu. Aliniangalia kama mwendawazimu.

Tumerudia kusoma jioni. Tunasoma kwa zamu, mimi, wifi yako na watoto, na mama amepata kazi yake ya zamani ya kutokumsaidia mtu. Usiku wa kwanza aliagiza tumsomee pale manabii wanapokaripiwa kwa kuota ndoto zao wenyewe na kuzipa watu kama za Mungu. Wifi yako akataka kuanzia katikati kumpunguzia, mama akamkatiza, akasema asimrukie panapomhusu yeye aliyesikiliza. Si kwamba anafarijiwa kila siku. Juzi alikasirika, akasema wiki nzima hatujakutana na neno hata moja la kumbembeleza. Kisha akauliza kesho tunaanzia wapi.

Daktari amemwona tena. Tundu halijaziba, wala halijapanuka. Ndivyo litakavyokuwa, tukijaliwa.

Wifi yako anakusalimu, anasema ulete ule uzi wa kufuma ukija. Mpwa wako mkubwa wa kike anasalimia shangazi na anataka ujue kwamba anasoma majina magumu kuliko baba yake. Mjomba, kaka yake mama, anakusalimu pia. Naye alikuwa msikilizaji wa Bi Redio, na sasa anaapa kwamba hakuwa.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Kila Jumapili ukimpigia mama huwa unaanza kwa kusema umeonyeshwa, au umewekewa moyoni, umpigie. Najua ni mazoea ya huko kanisani kwenu na husemi kwa ubaya. Jumapili iliyopita ulipokata simu mama aliishika mkononi muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu, "Na dada yako je, naye hutunga?"

Sikumjibu, kwa sababu si mimi wa kujibu. Ila nakuomba kitu kimoja. Jumapili ijayo ukipiga, usimwambie umeonyeshwa. Mwambie umemkumbuka. Hilo najua ni kweli, na ndilo analolingoja.

Mungu akulinde, yeye mwenyewe, bila kuazima kinywa cha mtu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikukera,
Fundi wa makochi.